Shangazi yangu wa Itigi alivyogundua nimemuua kwenye kitabu cha watoto

Wakuu, habari za mchana. Hili nimelikalia miezi kadhaa. Leo naliweka kama lilivyotokea, na sina sababu ya kutia chumvi maana aibu yenyewe ni yangu.

Naandika vitabu vya upelelezi vya watoto. Msiwaze makubwa, ni vitabu vyembamba vya darasa la nne hadi la sita. Watoto watatu wa kijijini wanasaka vitu vilivyopotea. Wakati huo viwili vilikuwa vimeshatoka.

Kijiji chao nimekipa jina la kutunga, ila ni kule nilikolelewa, nje kidogo ya Itigi. Vichaka vimebanana mpaka mbwa anafikiria mara mbili kuingia.

Na yule Bibi Masega, mfuga nyuki ambaye watoto wanamkimbilia wakikwama, ni shangazi yangu mtupu. Dada wa baba. Ndiye aliyenilea mama alipofariki nikiwa darasa la nne. Sikuwahi kumwambia kwamba nimemwandika.

Kitabu cha tatu nikaamua Bibi Masega afe ukurasa wa kwanza. Siku ya mazishi mizinga yake inakutwa imeibiwa asali, watoto wanaingia kazini. Nikajiona fundi!

Editor wangu akasoma draft, akanipigia.

"Hiki kijiji kinaweza kuwa popote," akasema. "Na mwizi anakamatwa kwa nyayo, kama wezi wote wa vitabu vya watoto. Nenda kwenu ukaangalie upya, la sivyo hadithi tuihamishie mjini."

Iliuma, ila alikuwa sahihi. Mizinga sikuwa nimeisogelea tangu nimalize sekondari.

Nikapanda basi kutoka Dodoma. Shangazi alinipokea kwa ugali wa uwele na mlenda, akafurahi mno. Aliposikia nimekuja kwa ajili ya kitabu, akaniambia nimsomee, macho yake hayawezi tena maandishi madogo.

Nikasoma, yeye anapepeta mtama. Sikumaliza hata ukurasa. Ungo ukasimama.

"Huyo bibi anayewasalimia nyuki kabla ya kufungua mzinga ni mimi."

"Ni hadithi tu, shangazi."

"Ni mimi. Sasa mbona umeniua? Miaka mitatu hujaja kunisalimia, leo umekuja na mazishi yangu!"

Akainuka, akaniacha na makaratasi yangu.

Asubuhi akaniambia neno moja tu: "Twende."

Tukaingia vichakani mpaka kwenye mzinga mmoja wa gogo, mkongwe. Akaushika.

"Ulikuwa darasa la tatu. Niliibiwa hapa. Watu wakahangaika na nyayo, mimi nikachungulia ndani. Masega ya asali yamekatwa, yale yenye watoto wa nyuki yameachwa. Na mfuniko umerudishwa vizuri. Mwizi wa kawaida anabomoa. Huyu aliwahurumia nyuki."

"Kwa hiyo alikuwa mrina asali?"

"Kurina hivyo nilimfundisha mtu mmoja tu. Baba yako."

Daah.

"Mama yako alikuwa kitandani," akaendelea. "Kaka yangu alikuwa ameshaniomba asali ya dawa mara nyingi, nadhani aliona haya kurudi."

"Ukamfanya nini?"

"Nikampelekea ndoo nyingine. Nikamwambia hii ni ya mgonjwa, ile ya mzingani sijui imekwenda wapi. Akainama. Hatukuizungumza tena mpaka amekufa."

Nilikaa chini pale pale, mtu mzima, nikalia. Baba nilimfahamu kama mtu mkali, mnyamavu. Kumbe alikuwa amebeba hilo.

Nilipotulia nikamwomba ruhusa niliandike.

"Andika. Mwizi usimpe jina la kaka yangu. Na mimi niwe hai."

Basi draft niliiandika upya, nikiwa pale pale kwake. Bibi Masega yupo hai mpaka ukurasa wa mwisho, na ndiye anayewaambia watoto waache kutazama chini, wachungulie mzingani. Editor alisoma, habari ya kuhamia mjini hakuitaja tena.

Kitabu kilipotoka nilimpelekea mwenyewe, nikamsomea chote. Siku hizi naenda kila nikipata nafasi.

Juzi kanipigia simu, sauti ya bashasha. Jirani yake amemfuata, eti wewe ndiye yule wa kwenye kitabu, kuku wangu amepotea siku nne.

"Nikamwambia kaangalie nyuma ya magunia yako ya alizeti. Amemkuta, anaatamia mayai kumi na moja!"

Nilichojifunza: ukimchukua mtu wa kwenu ukamtia kwenye hadithi, mwendee kwanza, mpe shikamoo, mwombe. Mimi nilikwenda kutafuta maelezo ya mizinga, nikarudi na baba yangu.

Wale wa Singida, Manyoni na kwingineko, je, nyumbani kwenu kuna jambo la mzazi mlilokuja kulijua ukubwani? Liwekeni hapa, leo nina muda wa kusoma yote.