Jambazi wa Kifaransa Kambini Maskati

Siku yangu ya kwanza kazini Maskati, Mkuu wa Ustawi alinionyesha mashine ya sinema iliyofunikwa gunia, akaniuliza kama nnaijua. Nlikuwa nimefika kutoka Unguja mwaka ule wa sitini na nne, na kule nlikuwa msaidizi wa fundi wa sinema. Nikamjibu kuwa mashine nnazijua, ila hii sijui kama yenyewe bado inajijua. Alikuwa Mwingereza mrefu, kazi yake kuangalia chakula, malazi na furaha ya wafanyakazi wa kambi ya mafuta. Akanambia kwa Kiswahili alichokiokota Mombasa, "Chakula kibaya, malazi mabaya. Furaha ni wewe."

Mjini hapakuwa na sinema siku hizo. Kambini tulikuwa na banda la bati, madirisha tumeyaziba kwa mablanketi, joto la kuivisha mkate. Nyinyi wa leo mnabonyeza tu. Sisi tukiupitisha ukanda kwenye meno ya mashine kwa vidole, na juu ya lenzi ukiacha kitanzi, yaani ukanda uliolegea kidogo ili upumue. Ukisahau kitanzi, filamu inakatika, na banda zima linamtaja mama yako.

Kiangazi kimoja, mwishoni mwa miaka ile, meli ilituteremshia filamu iliyokusudiwa bandari nyengine. Ilikuwa ya Kifaransa, ya majambazi, bila tafsiri hata neno. Makopo mengine ya filamu hayakuja kiangazi chote, ikawa kila Ijumaa baada ya alasiri nnaonyesha ileile. Nlidhani watu watanipiga. Badala yake wakaja wengi zaidi. Nadhani nnajua sababu. Filamu za Kihindi, Wahindi wakicheka mwanzo. Za Kiingereza, Waingereza. Hii hakuna aliyeifahamu, basi siku ile tu tulikuwa sawa sote.

Na yule jambazi hakuwa na maneno. Akiulizwa jambo, hunyoosha mkono wa koti lake polepole, akamtazama mtu, basi, yule mtu akatoa kila kitu. Haukupita mwezi, kambi nzima ikawa inanyoosha mikono ya kanzu. Ukimuuliza mpishi kuna nini leo, anakutazama. Madereva wakipishana barabarani hawapigi honi, wanatazamana.

Aliyeathirika zaidi ni Nasoro, mtunza stoo, tuliyekuwa tukilala naye chumba kimoja. Nasoro maneno yalikuwa maradhi. Alishaposa nyumba mbili akakataliwa, kwa kuwa wazee walichoka kabla ya kahawa kuletwa. Sasa alimtaka binti wa Karani Mkuu, mzee wetu wa Unguja, mkali, ambaye alikuwa ameshamwambia Mkuu wa Ustawi kuwa filamu ile inafunza wizi na banda lifungwe. Likifungwa, mimi sina kazi. Nasoro akaniomba nimsindikize kwenye posa.

Tukakaribishwa, tukakaa. Mzee akamuuliza Nasoro ana lipi la kusema. Nasoro akaunyoosha mkono wa kanzu yake, polepole, akainamisha macho, akanyamaza. Mzee akangoja. Kahawa ikaja, ikanywewa, Nasoro kimya. Mwisho mzee akanigeukia mimi.

"Miaka mingi sijaona kijana mwenye haya namna hii," akasema. "Kalelewa na nani?"

Nikamjibu kuwa kalelewa vizuri, nikaomba kahawa nyengine. Tukakubaliwa.

Ijumaa iliyofuata, kabla ya nikahi, Karani Mkuu akaja bandani kuikagua filamu kwa macho yake. Akakaa mbele. Nasoro alikuwa nyuma, karibu na mashine, amenishika bega. Jambazi akatokea, akaulizwa, akaunyoosha mkono wa koti. Kisogo cha mzee kikatulia kama jiwe. Kisha akageuka, akamtafuta Nasoro gizani, akampata.

Nilipobadilisha reli, yaani gurudumu la ukanda, na taa ikawashwa, akanijia.

"Mtu huyu mwisho wake nini?"

"Anauawa, sheikh. Reli ya mwisho."

Akafikiri. "Basi iendelee. Watu wapate funzo."

Banda halikufungwa. Ijumaa ya pili akaja tena, na mto wa kukalia. Nikamuuliza kwa adabu kama kuna lililobaki kukaguliwa. Akasema amekuja kuhakikisha kama bado anauawa. Akahakikisha hivyo mpaka kiangazi kikaisha.

Nasoro alioa, na wiki haikutimia maneno yakamrudia yote. Mzee alinilalamikia kuwa posa ililetwa na bubu, akaozesha redio. Lakini hakumrudisha binti yake nyumbani, na bibie, nasikia, alikuwa akicheka.

Baada ya mwaka wa sabini nikahamia serikalini, chini ya Mkurugenzi wa hiki na Mkurugenzi wa kile, na mashine zikawa nzuri na banda likawa na baridi. Nimestaafu, nnakaa Bawshar, hapahapa Maskati, kwa mwanangu. Watu huniuliza filamu gani niliipenda. Wallahi, filamu fundi haitazami. Fundi hutazama visogo vya watu: kipi kinainama, kipi kinatetemeka kwa kicheko, kipi kinalia na hakitaki jirani ajue. Sasa wajukuu wanatazama kila mmoja kasimu kake, pembe yake. Jioni huwapitia nyuma ya makochi, mmoja mmoja, nikasimama kidogo. Wanadhani babu amesahau alichokifuata.