Ulezi Safi wa Sadaka

Juzi, sokoni Sumbawanga, muuza mahindi mmoja alitenga yaliyobunguliwa. "Haya ya sadaka ya mavuno," alisema. "Mungu hakagui punje." Damu ilinichemka.

Nilikumbuka alasiri moja Malangali, mwaka ambao mvua ya mawe iliharibu nusu ya shamba letu. Mama alipepeta ulezi, vumbi la makapi likinikaba koo, kisha akajaza ulezi safi kwenye kikapu cha kanisani. Wenye mchanga ulibaki wetu.

"Kwani Mungu ana njaa kutuzidi?" nilifoka.

"Mshukuru, mwanangu. Sisi tumevuna."

Nilinuna misa nzima. Jioni yake nikakiona kikapu chetu kwa jirani mjane, ambaye mvua ile haikumwachia hata suke.

Mungu hakagui punje? Sawa. Mjane ndiye anayezitafuna.