Kipande cha Pili cha Shati la Mahlon Bashore

Mahlon Bashore alinoa misumeno kwa miaka thelathini na minne katika kiwanda cha mbao kilicho chini ya Mlima Shade, katikati ya Pennsylvania. Jino moja la msumeno likizidi wenzake kwa unene wa unywele, ubao hutoka na makovu, na Mahlon alikuwa akiliona jino hilo kwa macho kabla mwingine hajalipapasa kwa kidole. Hakuwa msemaji. Kanisani aliketi benchi la tatu kutoka nyuma, na wimbo ukiisha alikuwa wa mwisho kufunga kitabu.

Baba yake, mzee Eli, alikuwa fundi seremala aliyeunda magobore kwa mkono wakati wa baridi, kazi za nje zikiwa zimesimama. Aliunda manane tu maishani mwake. La mwisho, la gumegume, linalowashwa kwa cheche za jiwe, lenye kitako cha mti wa mepo uliokuwa umekua nyuma ya ghala lao wenyewe, alimwachia Mahlon. Kaka mkubwa, Irvin, aliachiwa nyumba na kiti cha baba katika baraza la kanisa. Kila mmoja aliridhika na fungu lake.

Mzee Eli aliacha pia kitu ambacho hakikuandikwa kwenye wosia. Huko juu mlimani, katika kibanda cha wawindaji alichokijenga na wenzake saba, ukuta ulio juu ya jiko la kuni ulijaa mapindo ya mashati. Sheria ya kibanda ilikuwa hii: anayemfyatulia kulungu risasi na akarudi bila damu, bila unywele, bila mnyama, hukatwa mkia wa shati alilovaa, nao hupigiliwa misumari ukutani ukiwa na jina lake na mwaka. Vilikuwapo vipande kumi na saba. Viwili vilikuwa vya mchungaji. Vinne vilikuwa vya Dorsey Klinger, jirani yao, ambaye alipenda kuvionyesha kwa wageni kama mtu anayeonyesha picha za wajukuu. Cha Bashore hakikuwapo hata kimoja, na miaka hamsini ilikuwa imepita.

Irvin alikuwa akilitaja jambo hilo kila mara. Mahlon hakulitaja, lakini alipoingia kibandani jicho lake lilianza na ukuta ule kabla ya kutafuta mahali pa kutundika koti.

Basi mwaka mmoja, kwenye karamu ya mavuno ya kanisa, Dorsey alimwambia mbele ya watu, kijiko kikiwa bado mdomoni:

“Mahlon, nyie hamkosi kwa sababu hampigi. Mnangoja kulungu aje awaombe moto wa kiko. Hilo gobore la mzee Eli likivuka hatua themanini halipigi shabaha, linapiga ramli.”

Watu walicheka. Irvin hakucheka. Mahlon alimaliza kabichi yake chachu na nyama ya nguruwe, akafuta mdomo, akasema, “Tutaona, bwana.”

Katika mlima ule kuna mahali ambapo kampuni ya umeme imekata msitu ili kupitisha nyaya zake, na kulungu huvuka hapo wakitoka kulala. Kutoka kwenye jiwe ambalo mwindaji anaweza kuketi hadi kwenye njia yao ni hatua mia moja na kumi na nane. Mwenye bunduki ya kisasa huona hapo ni karibu. Kwa gobore lenye risasi ya mviringo na vilengeo vya chuma ni mbali sana, maana risasi ile hushuka kama jiwe lililorushwa, na upepo mdogo huisukuma.

Mahlon alianza mwezi wa Mei uliofuata. Alipima hatua mia moja na kumi na nane nyuma ya ghala, akasimamisha ubao mbele ya kifusi cha udongo, akawa anapiga kila Jumamosi akiegemeza mtutu juu ya fito mbili alizozifunga msalaba. Alijaribu baruti kwa vipimo sita. Alijaribu vitambaa vya kufungia risasi, vinene na vyembamba, vya godoro na vya suruali kuukuu. Alijaribu mafuta ya kondoo, mafuta ya dubu aliyopewa na mtu, na nta. Kila alichobadilisha alikibadilisha peke yake, vingine akaviacha vilevile, na hapo ndipo mwenye haraka hushindwa. Alichunga ncha ya msonobari ulio kando ya ghala: ikitikisika, alishusha gobore na kwenda kupalilia. Kufikia Septemba, risasi nne kati ya tano ziliingia ndani ya eneo la kisahani cha chai.

“Haya, ramli hiyo,” alimwambia mkewe Lucinda, akiuweka ubao mezani.

Msimu wa magobore hufunguliwa siku moja baada ya Krismasi. Siku ya tatu, saa kumi kasoro alasiri, kulungu jike alitoka msituni akasimama kwenye njia, ubavu wake wote ukiwa wazi juu ya theluji. Hapakuwa na upepo. Mahlon alilaza mtutu kwenye fito, akalenga pale alipopazoea kwa miezi mitano, akavuta. Moshi ulitanda. Ulipoondoka, jike hakuwapo.

Alikwenda. Nyayo zilikuwa za kawaida, hatua ndefu za mnyama aliyeshtuka. Alizifuata hatua mia tatu, akainama penye kila kijiti. Hakuna tone. Hakuna unywele. Aliporudi alikuta, nyuma ya pale jike aliposimama, mti wa betula umechubuliwa gome, na kovu lile lilikuwa juu kuliko mgongo wa kulungu yeyote. Alilitia kidole. Kisha akarudi hadi kwenye jiwe akihesabu hatua kwa sauti, ili asije akajidanganya baadaye.

Irvin alimkuta hapo akisafisha jiwe la kuwashia.

“Nimesikia. Yuko wapi?”

“Hayuko. Nimekosa.”

Irvin aligeuka kutazama nyuma kana kwamba msitu una masikio. “Damu?”

“Hakuna kitu, kaka. Imepita juu.”

“Nani ameona?”

“Mimi.”

“Nisikilize, mdogo wangu. Sasa ni karibu saa kumi. Kila mtu atatoa baruti yake akirudi, hakuna anayeingia kibandani na gobore limeshiba. Ulikuwa unatoa baruti. Umepiga kisiki. Basi.”

Ilikuwa kweli kwamba gobore haliwezi kupakuliwa kirahisi, na kwamba jioni milio husikika kila bonde, watu wakipiga visiki ili waingie ndani salama. Hakuna ambaye angemwuliza.

“Sema wewe basi,” alisema Mahlon.

“Niseme nini? Mimi sikupiga.”

“Ndiyo maana kwako ni rahisi.”

“Mahlon, ukuta ule ni jina la baba!”

“Baba angekwambia urudi nyumbani na uongo huo?”

Walishuka pamoja. Kibandani watu sita walikuwa wamevua buti, na supu ya kuku na mahindi ilikuwa ikichemka. Mahlon alisimama mlangoni na theluji yake miguuni.

“Nimekosa,” alisema. “Jike, penye nyaya. Hatua mia na kumi na nane, nimezihesabu. Nimemfuata, hana jeraha.”

Kijiko kilisikika kikigonga ukingo wa sufuria. Kisha Dorsey akainuka polepole, akafungua droo, akatoa mkasi.

“Jamani, nishikeni,” alisema. “Nimeomba siku hii tangu nilipooa. Geuka, ndugu yangu. Usitingishike, nisije nikakukata kitu ambacho Lucinda atakiulizia.”

Wakacheka hadi mchungaji akaketi. Mahlon naye alicheka kidogo. Shati lilikuwa la sufu, la mirabaraba myekundu, na mkasi ulikwaruza. Dorsey aliandika jina kwenye kipande kwa wino na kukipigilia katikati kabisa ya ukuta. Irvin alikwenda nje kuchukua kuni ambazo hazikuhitajika.

Lucinda alikuwa amefundisha hesabu katika shule ya wilaya kwa miaka ishirini. Alilipinda shati lile palipokatwa, akalishona vizuri. Kisha alizitoa mbao zote za kiangazi, akazipanga juu ya meza ya jikoni, akazitazama muda mrefu.

“Hili tundu la juu upande wa kulia ni nini? Liko kila ubao.”

“Hilo ni la kwanza. La kusafisha koo. Silihesabu.”

“Kwa nini hulihesabu?”

“Mtutu unakuwa na mafuta ya kuuhifadhi. Ya kwanza huyafagia, kisha masizi yakiingia, gobore linatulia. Kila mtu anafanya hivyo.”

“Na pale mlimani ulipiga ya ngapi?”

Mahlon alivuta kiti, akaketi, akayatazama yale matundu: kumi na tisa, yote mahali pamoja, karibu shibiri moja juu na nusu yake upande wa kulia. Miezi mitano alikuwa ameifundisha risasi ya pili hadi ya sita, na kulungu alikuwa amepewa ya kwanza.

“Haya, mwalimu,” alisema mwishowe.

Tangu Machi alipiga mara moja tu kwa siku. Kila asubuhi kabla ya kazi alikwenda nyuma ya ghala na gobore lililosafishwa na kupakwa mafuta kama la siku ya kuwinda, akapiga risasi moja, akarudi, akalisafisha kwa maji ya moto, akanywa kahawa. Majirani walirekebisha saa zao kwa mlio ule. Wiki za kwanza hakubadilisha kitu, alitaka tu ajue. Kisha akaanza kuufuta mtutu kwa kitambaa chenye spiriti, kisha vitambaa viwili vikavu, kisha kuwasha baruti kidogo pale penye jiwe ili tundu likauke, ndipo apakie. Risasi ya kwanza ikaanza kushuka, siku baada ya siku, hadi ikakaa pamoja na nyingine. Haikuingia kila mara kwenye kisahani, lakini sahani ya kuokea mkate wa tufaha haikuikosa tangu Agosti, na kifua cha kulungu si kidogo kuliko sahani hiyo.

Dorsey alipita siku moja akasimama uani. “Unapiga moja, unakwenda kazini? Huyo ni kulungu wa mshahara?”

“Kulungu hangoji ya pili, bwana.”

Msimu ulipofika, siku mbili za kwanza misonobari ya mlimani ilitikisika kwa upepo, na Mahlon alikaa kwenye jiwe lake bila kupiga, kulungu wanne wakimpita. Dorsey, aliyekuwa juu yake kidogo, alimnong’oneza kwa mikono: mkasi, mkasi. Siku ya tatu kulitulia. Jike mkavu asiye na mtoto alitoka saa tatu asubuhi, akasimama. Mahlon alivuta. Moshi ulipopungua jike alikuwa akikimbia, kichwa chini, na baada ya hatua arobaini alilala.

Dorsey alipima njia yote mwenyewe, akizama kwenye theluji na kutukana taratibu.

“Mia moja na ishirini na mbili,” alisema. “Lakini miguu yangu mifupi. Nakupa mia na kumi na nane.” Akavua kofia, akaikung’uta, akaivaa tena. “Hilo neno la ramli nimelirudisha, Mahlon. Nitalirudisha hata kanisani, ukitaka.”

“Si lazima. Nishikie miguu ya nyuma.”

Walimburuta hadi kibandani kabla ya chakula cha mchana. Watu walitoka, wakampiga Mahlon mgongoni, mchungaji akaimba. Ni walipoingia ndani ndipo Mahlon, akitafuta pa kutundika koti, alipoona matundu manne ya misumari katikati ya ukuta na mbao safi kati yao.

“Kiko wapi?” aliuliza.

Wote walimtazama Irvin, ambaye alikuwa amesimama kando ya jiko, shingo imemwiva.

“Nimekichoma asubuhi hii niliposikia mlio,” alisema Irvin. “Nilijua ni wewe na nilijua hukukosa. Umelipa, Mahlon. Yamekwisha. Baba hana tena kitu cha kumwaibisha hapo.”

“Hakuwa nacho hata jana, kaka.”

“Sheria haisemi kipande kikae milele.”

“Haisemi pia kwamba cha Bashore kinachomwa.” Mahlon alivua koti. Ndani alikuwa amevaa shati lilelile, la mirabaraba myekundu, nyuma likiishia juu ya mkanda kwa pindo la mkono wa Lucinda. Aligeuka akampa mgongo jirani yake. “Dorsey, mkasi.”

“Kwa kosa lipi? Huyo jike yuko nje amekufa!”

“La mwaka jana. Andika mwaka jana.”

Dorsey alimtazama Irvin, akamtazama mchungaji, kisha akafungua droo. “Ukiendelea hivi, ndugu yangu, utazikwa na kola.” Alikata kipande chembamba, kisichozidi vidole vitatu, akakiweka mezani, akachovya kalamu. Aliandika jina. Aliandika mwaka. Alikuwa tayari amechukua nyundo Irvin aliposogea, akaweka kiganja chake juu ya kipande kile.

“Ngoja,” alisema Irvin, sauti kavu. “Kama ni lazima kikae, andika na umbali. Sitaki mtu aje hapa adhani mdogo wangu alikosa hatua thelathini.”

Dorsey akaandika: hatua 118. Irvin mwenyewe alishika msumari.

Kipande hicho kingali ukutani. Mahlon alipofariki, miaka kumi na sita baadaye, wenye kibanda walitaka kukishusha ili wampe mkewe pamoja na gobore. Lucinda alipokea gobore tu. Shati analo yeye, limepindwa na kushonwa mara mbili.