Siku Mama Mkwe Aliponikumbatia Nikiwa Ndani ya Dera

Najua nikisema nimewahi kukumbatiwa na mama mkwe, tena uani, mchana kweupe, mbele ya kamati nzima ya kichenpati, mtu atasema Baba Jemi keshalewa, lakini haki ya Mungu ndivyo ilivyokuwa, na mpaka leo pale Kipawa kuna akina mama wakiniona wananiita "Mama Jemi, hujambo?" na mie naitika, sasa nifanyeje?

Ishu ilianza hivi. Mie ni fundi sofa, nashonea hapo hapo nyumbani uani, na mke wangu Tumaini akapata kazi ya ukarani kwenye yadi moja ya makontena Kurasini, basi tukakubaliana mtoto wetu Jemima, Jemi, abaki na mie (alikuwa na miezi kumi, meno mawili, na sauti ya king'ora). Mama mkwe kule Njombe aliposikia mjukuu analelewa na mwanaume anayepiga misumari, akapiga simu. Akasema anakuja kuona kwa macho yake, na akiona mambo hayaeleweki anamchukua mtoto, anaenda kumlea yeye mpaka afikie umri wa kuanza shule. Tumaini usiku ule hakula. Mie nilikula, lakini chakula hakikushuka.

Maana ukweli ni kwamba kila asubuhi mama yake akitoka tu, Jemi alikuwa analia pale mlangoni kama amefungiwa stoo. Nesi wa kliniki alishaniambia, "Baba, usimnyamazishe kwa kumrusharusha, ongea naye, mwangalie usoni, akikuita kwa lugha yake muitikie." Basi mie nikawa naongea naye siku nzima kama chizi, sasa tunakata kitambaa mama, sasa tunapiga msumari, nikipiga nyundo anasema "ta!", na mie namjibu "ta!", najificha nyuma ya sponji natokea anacheka mpaka anapata kwikwi. Lakini ikifika saa ya kulala, kilio. Nikasema moyoni huyu mtoto hanipendi, ananivumilia tu.

Siku ya siku, mama mkwe anategemewa jioni, Jemi kakataa kulala, macho mekundu, nami nimeshaimba nyimbo zote za Jumapili mpaka zile za mazishi. Ndipo akili yangu ya mtu aliyeishia kidato cha pili ikaniletea jambo: mtoto anataka harufu ya mama yake. Dera la Tumaini lilikuwa limening'inia mlangoni, lile la zambarau lenye maua makubwa. Nikalivaa! Nikajifunga mtoto mgongoni, nikajitanda khanga yake kichwani kabisa ili harufu ikolee, nikawa napiga hatua ndogo ndogo chumbani, na baada ya muda nasikia mtu anakoroma mgongoni kwangu. Nilitamani kujipongeza mwenyewe.

Mara manyunyu haya hapa. Na sponji za mteja nimezianika uani!

Hapo ndipo ningepaswa kuvua dera. Lakini nikimshusha anaamka, mnajua wenyewe mtoto aliyelala baada ya vita anavyoheshimiwa, nikasema aah, ni dakika tu, nani ataniona. Kumbe barazani kwa jirani yetu Mama Zuhura, tunayetumia naye ua mmoja, kamati ya kichenpati ilikuwa kwenye kikao, akina mama wamejaa.

"Mama Jemi!" akaita Mama Zuhura. "Leo hujaenda kazini?"

Nikakohoa.

"Mafua, shoga?"

Nikatikisa kichwa kwamba ndiyo (kosa la pili hilo, ningesema tu jamani ni mie, tungecheka yakaisha), nikageukia kamba nikaendelea kuanua. Nikawasikia, "Siku hizi Mama Jemi kanenepa mabega." "Ndo mambo ya ofisini hayo." Wakaguna, wakarudi kwenye ishu ya rangi za sare.

Sasa sikilizeni. Mama mkwe kumbe alikuwa ameshafika mjini tangu jana yake, kalala kwa kaka yake kule Pugu, na kaka yake kamleta kwa gari mpaka getini kaondoka zake. Namsikia nyuma yangu, "Hodi wenyewe, namtafuta Tumaini," na Mama Zuhura, kwa moyo mweupe kabisa, anamjibu, "Karibu mama, shikamoo, si yule pale anaanua?"

Kwa kina mke wangu mkwe ni mkwe kweli. Mama mkwe hakupi mkono, hakai karibu na wewe, hata kitu hapokei mkononi mwako, unakiweka chini, unarudi nyuma, ndipo anakiokota. Tangu nimuoe binti yake tulikuwa tunasalimiana kwa umbali wa kona na kona.

Nikataka kukimbia, ila sponji niliyoibeba ilikuwa imeniziba macho. Nikasikia mkoba unadondoka, "Mwanangu weee!", na mikono miwili ikanizunguka pamoja na mtoto mgongoni, na shavu la mama mkwe likaja kutua kwenye shavu langu.

Lenye ndevu.

"Uwiiiii!" Yule mama aliruka! Kajifunika khanga uso mzima, kakimbilia barazani, kageukia ukuta. "Mkwe! Yesu wangu, nimemgusa mkwe!" Khanga yangu nayo ikadondoka kichwani, kamati yote ikaniona na kipara changu na dera la maua, wakacheka mpaka mmoja akaketi chini kwenye tope. Na Jemi akaamka. King'ora.

Mama mkwe akaanza kuongea na ukuta. "Mama Zuhura anayenitajia Tumaini si ndiye wewe? Mwambie mkwe wangu, mwanaume anayeshinda nyumbani amevaa dera simwachii mjukuu wangu. Amlete mtoto. Naondoka naye leo hii."

"Baba Jemi, mama anasema..."

"Nimesikia, Mama Zuhura."

"Taratibu ni taratibu, lazima nikwambie."

Nimwambie nini, na maua yamenizunguka kiunoni? Nikamfungua mtoto mgongoni, nikalivua dera pale pale (ndani nina bukta na jezi, msiogope), nikamwona Tumaini kichwani mwangu anarudi jioni anakuta chumba kimya. Na kwa sababu mtoto nisingeweza kumpa mkononi, Mama Zuhura akatandika mkeka katikati ya baraza, nikamweka Jemi, nikarudi nyuma mpaka kwenye nguzo. Mama mkwe akageuka, akachutama upande wa pili, akatoa biskuti.

"Njoo kwa bibi. Njoo mama."

Jemi akafuta kamasi kwa mkono, akaiona biskuti, akaanza kutambaa kwenda kwa bibi yake. Nikasema basi, Njombe hiyo.

Katikati ya mkeka akasimama. Akageuka. Akanitafuta kwa macho mpaka akanipata pale kwenye nguzo, nina bukta yangu, sina harufu ya mtu yeyote zaidi ya gundi ya sofa. "Ta?" akasema.

"Ta," nikamjibu. "Nenda mama, huyo ni bibi."

Akaenda. Akachukua biskuti, akamshika bibi pua, bibi akacheka, kisha mtoto akageuza gari, akatambaa mkeka mzima mbio kuja kwangu, akajivuta kwa mguu wangu mpaka akasimama, na nilipoinama akanisukumia biskuti mdomoni, imelowa mate tele. Nikaila! Kamati ikapiga vigelegele kama bibi harusi kaingia ukumbini.

"Mama, Baba Jemi anasema..." akaanza Mama Zuhura.

"Hajasema kitu, na mie nina macho," mama mkwe akamkata. "Mmemuona alivyomuuliza baba yake kwanza? Mtoto hageuki kumuuliza mtu asiyemjua. Nilizaa sita, najua."

Kumbe dera la watu nilikuwa nalichosha bure. Tangu siku ile Jemi analala kifuani kwangu na jezi yangu ya jasho, na nikikumbuka nilivyodhani ananivumilia tu, najicheka.

Alikaa wiki nzima, tukisalimiana kona na kona, na mjukuu akienda na kurudi kati yetu kama tarishi. Siku ya kuondoka akatoa kitenge kipya kwenye mkoba, nikajua ndicho alichokuja nacho cha kumbebea mtoto mpaka Njombe. Akakiweka kwenye mkeka, akarudi nyuma, akasubiri. Nikasogea nikakiokota.

Dera sivai tena, hata liwe la hariri, na nikisikia mvua naanua nikiwa nimevaa suruali. Lakini kitenge cha mama mkwe najifunga kila siku, napita nacho sokoni kifua mbele, mtoto mgongoni, anayetaka kucheka na acheke.