Wasiohudhuria Bila Taarifa

Kwanza niseme wazi kwamba nilimcheka Damari, tena nilimcheka kwa sauti.

Ilikuwa mwaka 1994. Chama chetu cha msingi cha ushirika, nje kidogo ya Kiomboi, kilikuwa na makarani wawili, mimi Melkiori na yeye, na tulishaambiwa kwamba atabaki mmoja. Soko lilikuwa limeshakuwa huria. Wanunuzi binafsi walikuja na malori yao mpaka vijijini kuchukua alizeti, ambayo zamani haikuwa na pa kwenda ila kwetu. Katibu meneja, Mzee Abraham, hakutaka kuonekana anapendelea mtu. Alituita ofisini akatoa kitabu kimoja cha uendeshaji wa biashara, kimechakaa kwa kupita mikono mingi.

"Zamani mzigo ulikuja wenyewe," alisema. "Sasa lazima tujifunze. Melkiori, kaa nacho wiki hii. Damari, wiki ijayo. Kila mmoja akisome chote, aniletee muhtasari. Nitakayemwona ameelewa ndiye atakayebaki."

Mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, na sikumruhusu mtu asahau jambo hilo. Nilipitia yaliyomo, nikasoma sura ya kwanza na ukurasa wa mwisho, nikakitupa kitabu juu ya kabati. Ijumaa nikaketi nikaandika kurasa nne za Kiswahili safi, kila sura na aya zake mbili. Niliamini kichwa cha sura kinatosha kukuambia mwandishi anataka kusema nini.

Damari aliishia darasa la saba, ila mwandiko wake ulikuwa mzuri, na huo ndio uliomponza. Kwaya ikikutana, katibu ni Damari. Kamati ya shule, Damari. Kamati ya harusi ya mtu asiyemjua vizuri, Damari tena. Basi kwake neno muhtasari lilikuwa na maana moja tu, yale yanayoandikwa kikaoni. Ameambiwa alete muhtasari wa kitabu, naye akaenda kufanya kikao na kitabu.

Asubuhi ya kukabidhi alikuja na daftari. Nililifungua katikati kabla Mzee Abraham hajafika.

"Muhtasari wa kikao cha tatu cha kusoma kitabu, kilichofanyika jikoni kwa Damari. Waliohudhuria: Damari, msomaji. Kitabu. Kikao kilifunguliwa kwa sala saa kumi na mbili asubuhi."

Nilicheka mpaka machozi.

"Kosa liko wapi?" aliniuliza, amekasirika kweli.

"Dada Damari, muhtasari wa kitabu ni kufupisha! Nani amekuambia ufungue kikao?"

Alilichukua daftari lake akalikumbatia. Mumewe alikuwa amefariki mwaka uliotangulia, na kazi ile ndiyo iliyomlisha yeye na watoto wake wawili. Nilijua hivyo wakati nacheka, na hadi leo naona aibu.

Mzee Abraham alifika, tukamwamkia, akaanza na karatasi zangu. "Umeandika vizuri," alisema. Kisha akafungua daftari. Alitabasamu kidogo, halafu tabasamu likaisha, akaanza kusoma kwa sauti.

"Yatokanayo na kikao kilichopita. Msomaji hakuelewa neno ushindani. Aliuliza, kitabu hakikujibu. Iliazimiwa arudie ukurasa wa kumi na mbili. Amerudia, ameelewa."

Akafunua mbele.

"Azimio. Msomaji awaulize wakulima watano kwa nini wanauza alizeti kwa wanunuzi binafsi. Mhusika: Damari." Na katika kikao kilichofuata: "Wakulima wanne wameulizwa. Wa tano alikuwa msibani. Wote wanne wamesema punda wanafika na mizigo saa moja, na ofisi inafunguliwa saa tatu."

Mzee alinyanyua macho. "Ufunguo wa ofisi anakaa nao nani?"

"Mimi," nikasema.

Akaendelea kusoma kimya kimya, mara akakwama. "Damari, hapa umeandika, 'Wasiohudhuria bila taarifa: ukurasa wa 41 hadi wa 48.' Maana yake nini?"

"Hazimo, Mzee. Zilichanwa, sijui na nani. Sikuweza kuandika kwamba zilikuwepo."

Alikichukua kitabu. Arobaini, kisha arobaini na tisa. Sura yote ya tano ilikuwa haipo. Akazivuta tena karatasi zangu, akasoma polepole zile aya mbili nilizoandika juu ya sura ya tano, moja ikianza na maneno, "Mwandishi anasisitiza kwa mifano mingi." Hakunikaripia. Alizikunja akanirudishia.

Nilikwenda kufanya kazi kwa mnunuzi binafsi, kwanza kwenye lori, baadaye ghalani. Kwa miaka mingi nilikuwa nawaambia watu kwamba Damari alibahatika. Halafu mwaka 2003 tajiri wangu akanipa kitabu cha kutunza mbegu ghalani, akaniambia nikisome kabla hajanipa usimamizi. Nikakitazama juu ya meza siku mbili. Siku ya tatu nikaenda kwa Damari, ambaye sasa ndiye katibu meneja, nikamwomba anionyeshe anavyosoma.

Hakunicheka. Alitoa sanduku zima la madaftari. Kulikuwa na vikao vya vitabu vya ufugaji, vya hesabu, vya afya ya watoto, vyote na maazimio, na katika vyote mhusika ni Damari. Nikatafuta lile la kwanza. Mstari wa wasiohudhuria ulikuwa palepale, na pembeni, kwa wino mwingine, ameandika: "Wamefika. Machi 1996."

"Niliipata nakala nyingine ya kitabu kile Singida mjini, kwa mwalimu mmoja," alisema. "Nikakaa barazani kwake nikazisoma zile kurasa nane."

"Lakini kazi ulikuwa umeshaipata."

"Ndiyo. Nilikuwa sijazisoma lakini."

Nikashika daftari, nikamwuliza kurasa zile zilisema nini.

Damari alinitazama kwa mshangao wa kweli.

"Melkiori," alisema, "miaka tisa, ndiyo kwanza unauliza leo?"