Nyoka wa Ngurumo

Gereji nzima ilimwita Ngurumo, kwa sababu fundi huyu hakuweza kuomba hata spana bila kufoka. Alinunua nyoka asiye na sumu ili watu wamjue kuwa ni dume. Kumbe nyoka mwenyewe alikuwa mwoga: kila mara kisanduku chake kilipofunuliwa, alijikunja pembeni akitetemeka.

"Mtilie mkono chini ya tumbo, polepole," muuzaji alimwelekeza. "Usimlazimishe, atakuzoea."

Basi kila jioni Ngurumo alikaa sakafuni na kunong'ona, "Njoo, kipenzi. Usiogope."

Mara ya kwanza mkewe, aliyekuwa akipiga pasi, alidhani ni redio.

Siku moja uzalendo ukamshinda. "Baba Pacha, na mimi nikijificha chini ya kitanda nitabembelezwa hivyo?"

"Wewe piga pasi!" mume akanguruma.

Nyoka, ambaye ndiyo kwanza alikuwa amepanda kiganjani, akashtuka na kumng'ata kidole gumba. Dume likapiga ukunga, likarukia juu ya kochi. Nyoka akaangukia zulia.

Mke akazima pasi, akachuchumaa, akatandaza kiganja chake na kungoja kimya. Nyoka akapanda taratibu mpaka kwenye kiwiko, akatulia tuli.

"Umejifunzia wapi?" mume aliuliza kutoka kule juu.

"Humu humu ndani. Unadhani nimeishije na wewe miaka yote hii?"

Jioni hiyo Ngurumo alijipikia chai mwenyewe, na alipokosa sukari, aliiulizia kwa sauti ya chini sana.