Breki Mpya Kwenye Mteremko wa Mbooni

Pikapu yetu ilikuja na injini ya petroli. Injini hiyo ilipokufa, kitinda mimba wangu akatia ya dizeli iliyotoka gari lingine, akajisifu soko zima. Lakini breki ikawa ngumu, unakanyaga ni kama jiwe. Fundi wa Matiliku akatueleza: injini ya petroli ina mvuto wa hewa unaosaidia mguu kwenye breki. Ya dizeli haina. Ilitakiwa alterneta, ile ya kuchaji betri, yenye pampu ya kuvuta hewa mgongoni.

Akaipata, ila ilikuwa ya injini nyingine. Akachomelea chuma kipya cha kuishikilia, akaweka mpira wa kupeleka oili kwenye pampu na mwingine mnene wa kuirudisha chini. Nilikaa juu ya debe nikimwangalia. Alipomaliza nilipanda nikakanyaga breki mwenyewe. Ikashuka laini.

“Susu, sikia,” fundi akaniambia, kama anayeongea na nyanya yake. “Pampu inazungushwa na injini. Ukizima injini, utakanyaga mara mbili hivi, halafu lile jiwe linarudi.”

“Mwambie huyo.”

Huyo, mwanangu na dereva wetu, alikuwa kwa simu, anacheka.

Tulipakia maembe Mbooni hadi pikapu ikainama. Nikakaa mbele. Kufika kwenye mteremko mkali, mkono wake ukaenda kwa ufunguo. Ndiyo tabia ya madereva wa huko: wanazima gari literemke lenyewe, eti wanaokoa mafuta.

“Usizime.”

“Mwaitu, mama yangu, hii barabara naijua.”

Akazima.

Kukawa kimya, mchanga tu ukilia chini ya matairi. Kona ya kwanza akakanyaga, ikashika. Ya pili ikashika kidogo. Ya tatu nikaona goti lake limenyooka, amesimama juu ya breki na gari linaenda tu. Mbele yetu mama mmoja alikuwa akipanda na punda wa maji.

“Washa!”

“Mwaitu...”

“Washa gari, wewe!”

Akageuza ufunguo. Injini ikanguruma, akakanyaga tena, mguu ukazama. Tulisimama punda akinusa boneti.

“Hayo maembe yanakimbilia wapi?” mwenye punda akatuuliza.

Akamvuta punda kando, tukapita. Tukateremka hadi chini injini ikiwaka. Kwenye tambarare mwanangu akaegesha anywe maji, mkono ukaenda tena kwa ufunguo. Nikamwangalia.

Akanywa injini ikinguruma.